FIMBO, KITABU CHA ADHABU NA MTOTO: HISTORIA FUPI YA NIDHAMU KATIKA SHULE ZETU



Wapendwa wasomaji, juma hili napenda tutafakari pamoja jambo ambalo halikomi kuzuka katika mikutano ya jumuiya ndogo ndogo na katika vikao vya wazazi shuleni: je, mtoto wa shule achapwe au asichapwe? Wapo wanaosema kwamba watoto wa siku hizi wameharibika kwa sababu serikali imemfunga mwalimu mikono. Wapo wanaosema kwamba kiboko ni ukatili na hakina nafasi mahali pa elimu. Pande zote mbili hutaja Maandiko Matakatifu, na pande zote mbili huapa kwa mila. Mimi naona kwamba kabla ya kushika upande ni vema tuiulize historia, maana fimbo nayo ina ukoo wake.

KIBOKO KILITOKA WAPI?

Hatutadai kwamba wazee wetu hawakumchapa mtoto. Walichapa nyumbani, jandoni na chuoni kwa mwalimu wa Kurani kule pwani. Lakini tuzisikilize methali zetu za malezi. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Katika methali hizi nne hakuna hata moja inayoitaja fimbo. Zinahimiza kukunja, kulea, kufunza na kutoogopa machozi ya mtoto. Mwenye kukunja samaki hamvunji.

Fimbo kama chombo cha utawala, yenye idadi iliyoandikwa na mtu aliyepewa mamlaka ya kuipiga, iliingia kwa mlango mwingine. Wakati wa utawala wa Wajerumani adhabu ya viboko ilikuwa sehemu ya sheria. Kanuni za Kansela wa Ujerumani za mwaka 1896 ziliruhusu Mwafrika apigwe hadi viboko 25 kwa mara moja. Ndiyo "hamsa ishirini" ambayo babu zetu waliisimulia hadi ikawa msemo. Chombo chenyewe kilikuwa mjeledi wa ngozi ya kiboko, ndipo mnyama akaipa adhabu jina lake, na jina hilo tunalitumia hata leo kwa kijiti cha mwarobaini kilichoko mkononi mwa mwalimu wa zamu.

Waingereza walipokuja baada ya Vita Kuu ya Kwanza walileta pia mfano wa shule zao za bweni: viranja, mistari ya asubuhi, kengele, mabweni yanayoshindana, na fimbo ya mkuu wa shule. Jambo la kukumbuka ni kwamba Uingereza yenyewe iliiacha fimbo hiyo. Sheria ya mwaka 1986, iliyoanza kutumika mwaka 1987, iliiondoa katika shule zao za umma. Sisi tulibaki tukiitetea kana kwamba tuliirithi kwa mababu.

Hata baada ya uhuru tuliendelea kuamini kwamba kiboko kinatengeneza taifa. Sheria ya Adhabu za Chini ya mwaka 1963 iliagiza viboko 24 kwa wezi na wala rushwa: 12 siku ya kuingia gerezani na 12 siku ya kutoka. Wengi wetu tumemsikia Mwalimu Nyerere akilisimulia hilo katika hotuba yake ya mwaka 1995, kwamba vile vya mwisho vilikuwa vya kwenda kumwonesha mke nyumbani. Watu hucheka kila wanapoisikia. Lakini viboko hivyo viliondolewa katika sheria mwaka 1972, vikarudishwa baadaye, na rushwa tunayo hadi leo.

KUMBUKUMBU YA KANISA

Sasa tujitazame sisi wenyewe, maana hatuwezi kuinyoshea kidole serikali tukajisahau. Shule nyingi ambazo leo tunaziita za umma zilikuwa za misheni hadi zilipotaifishwa kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, iliyoanza kutumika mwaka 1970. Fimbo iliyomo humo haikuingia siku ya kutaifishwa. Ilikuwapo tayari, na wazee wetu waliosoma kwa mapadre wanaikumbuka vizuri.

Na tusiyakwepe Maandiko. Kitabu cha Methali, sura ya 13 na sura ya 23, kinamhimiza baba asimnyime mwanawe fimbo, na Yoshua bin Sira katika sura ya 30 anasema hivyo kwa ukali zaidi. Lakini mtume Paulo, katika Waefeso 6:4 na Wakolosai 3:21, anawageukia akina baba na kuwawekea mpaka: wasiwachokoze watoto hata wakakata tamaa. Kanisa limeishi na sauti hizi mbili kwa karne nyingi, na historia yake ni historia ya watakatifu waliojifunza kuzisikia zote mbili.

Mtakatifu Augustino alisoma shule akiwa mtoto mjini Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria. Katika Maungamo yake anasimulia jinsi alivyomwomba Mungu kwa bidii asipigwe shuleni, na jinsi watu wazima, hata wazazi wake mwenyewe, walivyoichekea michubuko yake. Alikuwa askofu alipoandika hayo, karibu na mwaka 400, na bado maumivu yalikuwa hai. Anaongeza jambo ambalo kila mwalimu angepaswa kulitafakari: lugha ya Kilatini aliipata kwa urahisi kutoka kwa walezi waliombembeleza na kucheza naye, lakini Kigiriki, alichofundishwa kwa vitisho, kilimshinda kukipenda. Hitimisho lake ni kwamba hamu ya kujua hufundisha kuliko hofu.

Mtakatifu Benedikto, katika Kanuni yake ya karne ya 6, aliruhusu watoto wa monasteri waadhibiwe kwa mfungo au kwa fimbo. Hiyo iko katika sura ya 30. Lakini tukisoma hadi sura ya 70 tunakuta mpaka: hakuna mmonaki anayejitwalia mwenyewe mamlaka ya kumpiga mwenzake, na anayewaka hasira juu ya watoto bila kiasi, huyo naye ataadhibiwa. Tulikumbuke hilo, kwa sababu tutalikuta tena karne 14 baadaye katika kanuni za Wizara.

Katika karne ya 11, Mtakatifu Anselmi, akiwa katika monasteri ya Bec huko Ufaransa, alijiwa na abati mmoja aliyelalamika kwamba watoto aliowalea ni wakaidi, wanapigwa usiku na mchana na bado wanazidi kuharibika. Anselmi akamwuliza: ukiupanda mti bustanini kisha ukaubana pande zote usiweze kutanua matawi, utapata mti wa namna gani? Akamwambia pia kwamba sonara haitengenezi sanamu nzuri kwa kuigonga tu bamba la dhahabu, bali huligonga kidogo, hulibonyeza polepole na kulilainisha. Eadmer, aliyeandika maisha yake, anasema kwamba yule abati alikiri kosa lake. Je, huyu sonara hafanani na mkunja samaki wa methali yetu?

Wajesuiti walipotoa mwongozo wa shule zao mwaka 1599 waliagiza kwamba Mjesuiti asimchape mwanafunzi kwa mkono wake. Palipohitajika adhabu, aliwekwa mtu wa nje ya shirika aifanye kazi hiyo. Unaweza kusema kwamba huko kulikuwa kunawa mikono tu. Lakini walikuwa wameelewa kitu kimoja: mtoto hawezi kuupenda mkono unaompiga na wakati huohuo akapokea kutoka mkono huohuo ukweli na sakramenti. Na mwaka 1783 Poland, nchi ya Kikatoliki, ilikataza kuwachapa wanafunzi shuleni, nayo hutajwa kuwa nchi ya kwanza kufanya hivyo.

Hatimaye alikuja Mtakatifu Yohane Bosko wa Torino. Yeye hakuwafundisha watoto wa matajiri. Aliwakusanya wavulana wa mitaani, wengine wametoka gerezani. Mwaka 1877 aliandika maelezo mafupi juu ya njia yake, ambayo aliiita ya kuzuia, akiilinganisha na ile ya kukandamiza. Ya kukandamiza hutangaza sheria, kisha humvizia mvunjaji. Ya kuzuia huwa pamoja na vijana uwanjani, kanisani na mezani, ili kosa likose nafasi. Aliijenga juu ya nguzo tatu: kutumia akili, dini na upendo unaoonekana. Neno la kutilia mkazo ni "unaoonekana". Haitoshi mwalimu kumpenda mtoto. Mtoto naye ni lazima ajue kwamba anapendwa.

KANUNI ZA SHULE ZETU ZA UMMA

Turudi nyumbani. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilimpa waziri mamlaka ya kutunga kanuni, na mwaka 1979 zikatoka kanuni za adhabu ya viboko. Mwaka 2000 maelekezo ya serikali yalipunguza idadi kutoka viboko 6 hadi 4. Kisha zikaja kanuni za mwaka 2002, yaani Tangazo la Serikali Na. 294. Naomba kila mzazi azijue, kwa kuwa wengi huzijadili bila kuzisoma. Kwa ufupi zilisema hivi:

1. Kiboko ni kwa kosa kubwa la nidhamu, si kwa kila kosa. Kushindwa hesabu hakumo.

2. Adhabu izingatie uzito wa kosa, umri, jinsia na afya ya mtoto, na isizidi viboko 4 kwa mara moja.

3. Mwenye mamlaka ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyeteuliwa naye kwa maandishi.

4. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa shule haina mwalimu wa kike.

5. Kila adhabu iandikwe katika kitabu maalumu: jina la mtoto, kosa, idadi ya viboko na aliyechapa.

Ndugu zangu, hamwoni hapa sura ya 70 ya Mtakatifu Benedikto? Fimbo haikuondolewa, bali ilizungushiwa ua, na mwalimu anayeruka ua huo anaweza kuchukuliwa hatua. Kitabu cha adhabu si urasimu wa bure. Mtu anayelazimika kukaa chini, kushika kalamu na kuandika kosa la mtoto kabla ya kumwadhibu, hasira yake hupata nafasi ya kupoa.

Lakini historia inasema wazi kwamba ua huo umerukwa mara nyingi. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011 ulionesha kwamba karibu robo tatu ya vijana walikuwa wamepata ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18, na walimu wakiwa miongoni mwa waliotajwa. Mwaka 2016 nchi nzima iliona video ya walimu waliokuwa katika mafunzo kwa vitendo jijini Mbeya wakimshambulia mwanafunzi mmoja kwa makofi, ngumi na fimbo. Mwezi Agosti 2018, mkoani Kagera, mtoto wa miaka 13 alifariki dunia baada ya kupigwa shuleni kwa tuhuma ya kuiba mkoba. Oktoba 2019 mkuu wa mkoa wa Mbeya aliwachapa hadharani wanafunzi 14 baada ya mabweni kuteketea kwa moto, na Rais wa wakati huo, John Magufuli, akamuunga mkono. Wengi walishangilia. Ni wachache waliouliza: katika kanuni za mwaka 2002, mkuu wa mkoa yumo?

Ipo pia adhabu isiyoacha alama mgongoni, nayo ni kumfukuza mtoto shule. Kanuni nyingine za mwaka huohuo wa 2002, Tangazo Na. 295, ziliruhusu mwanafunzi afukuzwe kwa makosa ya kimaadili, na kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba aliondolewa na mlango ukafungwa nyuma yake. Ilichukua hadi Novemba 2021 kwa serikali kutangaza kwamba msichana huyo anaweza kurudi katika shule ya umma baada ya kujifungua. Sisi tunaohubiri kila mwaka juu ya Baba aliyemsubiri mwanawe mpotevu tulipaswa kuwa wa kwanza kuudai mlango huo. Wapo waliofanya hivyo, lakini hatukuwa wengi.

JIRANI ZETU WAMEPITIA NINI?

Kenya ilichukua njia nyingine. Mwaka 2001 iliondoa kabisa adhabu ya viboko shuleni, Katiba ya mwaka 2010 ikaimarisha ulinzi huo, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikakataza adhabu ya kimwili na manyanyaso ya kisaikolojia. Uganda nayo iliikataza kwa sheria mwaka 2016.

Husemwa kwamba tangu kiboko kiondoke Kenya shule zinachomwa moto. Ni kweli kwamba mwaka 2016 zaidi ya shule 100 zilikumbwa na moto. Lakini tusiisome historia kwa jicho moja. Usiku wa tarehe 13 Julai 1991, katika shule ya mchanganyiko huko Meru iliyobeba jina la Mtakatifu Kizito, shahidi mdogo wa Uganda, wavulana walivamia bweni la wasichana. Wasichana 19 walipoteza maisha na makumi walibakwa. Wakati huo kiboko kilikuwa halali kabisa. Machi 2001 wavulana 67 waliteketea bwenini huko Kyanguli, Machakos, wakati marufuku ndiyo kwanza ilikuwa inazaliwa. Kwa hiyo kiboko hakikuzuia maovu hayo, na kuondolewa kwake peke yake hakukuleta amani. Panapokosekana mtu mzima anayewajua vijana kwa majina na anayesikiliza manung'uniko yao kabla hayajawa petroli, shule haiwi salama, iwe ina fimbo au haina.

TUMTETEE PIA MWALIMU

Haki inatudai tuone upande wa mwalimu. Ada ya shule za msingi ilifutwa nchini mwetu mwaka 2001, na idadi ya wanafunzi ikapanda kutoka chini ya milioni 5 mwaka huo hadi zaidi ya milioni 7 mwaka 2005. Watoto ambao wangebaki wakichunga mbuzi waliingia darasani, nasi tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini tazameni miaka hiyo: ni katika kipindi hichohicho ambapo viboko vilipunguzwa hadi 4. Mwalimu aliambiwa apunguze fimbo wakati ambapo darasa lake lilikuwa linafurika, na katika shule nyingi hakupewa mshauri wa wanafunzi, wala dawati la ziada, wala mafunzo ya njia nyingine. Mtu aliye peke yake mbele ya watoto 100 hashiki fimbo kwa sababu ni mkatili. Mara nyingi huishika kwa sababu hana kitu kingine cha kushika.

Ndiyo maana nasema kwamba swali la "achapwe au asichapwe" ni dogo mno. Swali kubwa ni hili: nani yuko pamoja na mtoto? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya elimu la mwaka 1965, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Mzazi anayempeleka mtoto shule akimwambia mwalimu "huyo nimekukabidhi, mnyooshe" amekwisha kuiacha kazi yake langoni.

BASI TUFANYE NINI?

Kwanza, wazazi waliomo katika kamati na bodi za shule waombe kukiona kitabu cha adhabu. Wasikiombe kwa ugomvi, bali kwa upole, kama watu wanaojali. Kikiwa hakipo, hilo ni jambo la kujadili kikaoni. Kikiwapo na kikaonesha jina moja likirudiwa kila juma, mjue kwamba mtoto huyo ana jambo ambalo kiboko hakilifikii: huenda ni njaa, au ugonjwa, au msiba, au mtu anayemdhulumu nyumbani.

Pili, jumuiya ndogo ndogo zijue ni walimu gani wanaishi kati yao na kuwauliza wanahitaji nini. Parokia inayo watu wastaafu, wakiwamo walimu, wauguzi na makatekista, wanaoweza kwenda shuleni kukaa na wanafunzi saa moja kwa juma. Wasalesiani wa Don Bosko, walio nchini mwetu tangu miaka ya 1980, wametuonesha kwamba uwanja wa mpira wenye mlezi aliye macho hupunguza makosa kabla hayajatendeka.

Tatu, adhabu inapobidi, iwe ya kumrudisha mtoto na isiwe ya kumtoa. Aliyeharibu atengeneze, aliyetukana aombe radhi mbele ya aliyemtukana, aliyeiba arudishe. Hiyo ndiyo sarufi ya sakramenti ya Kitubio: kukiri, kutubu, kutimiza malipizi, kisha kurudi mezani. Muungamishi hamchapi mwenye kutubu, na hakuna anayesema kwamba Kitubio ni kulea dhambi.

Katika Zaburi ya 23 mwimbaji anasema kwamba fimbo ya Mchungaji humfariji. Kwa wachungaji wa Palestina fimbo ilikuwa silaha ya kumfukuzia mnyama mkali na ya kumwongozea kondoo njia. Kondoo alipoiona alijua kwamba yuko salama. Hicho ndicho kipimo ninachowaachia juma hili, walimu na wazazi: mtoto akikuona unakuja, je, anajiona salama?

Mtakatifu Yohane Bosko, baba na mwalimu wa vijana, atuombee. Mungu awabariki nyote, awabariki walimu wetu, na awalinde watoto wetu.

Paroko wenu.